Abiria wa Tramu ya Mwaka 1938

Kwa furaha isiyo na kifani, Kitengo cha Kumbukumbu za Tramu Kongwe kinatangaza kwamba Dubai sasa ina tramu ya zamani. Miji mingine inayojiheshimu ina tramu zilizokufa na watu wa kuzililia. Sisi tulikuwa na tramu moja tu, mpya, tena inafanya kazi. Aibu iliyoje!

Mimi, Shakir, ndiye katibu. Kwa kura tatu dhidi ya mbili, tuliamua kwamba tramu kongwe ilipita hapa Silicon Oasis, mbele ya kampuni yetu, hadi ilipofungwa mwaka 1938. Ikabaki kumpata shahidi.

Tukamteua Lawrence, mlinzi wa getini, mtu wa Kitale. Fomu yake ya likizo ilikuwa imelala miezi minne mezani kwa mkurugenzi, Sir Waleed. Binti yake, Auleria, ana miaka mitatu na anamjua baba kwa simu tu. Nilimhurumia sana, lakini utaratibu ni utaratibu.

"Ukikumbuka tramu, likizo itasainiwa," nikamwambia.

"Boss, mimi nimekuja juzi tu."

"Yalla, jitahidi."

Mlinzi wa Kenya hakumbuki kitu mpaka akiandike kwenye kitabu cha matukio. Lawrence akashika kalamu: "Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Tramu imepita. Abiria hakuna. Hali shwari."

Sir Waleed, ambaye kwao ni Unguja, akasoma, akanuna. "Tramu yangu ipite tupu? Niandike mimi! Nilikuwa na miaka saba, nimekaa mbele na dereva."

"Una uhakika, sir?" Lawrence akauliza.

"Weye andika, bwana! Hata kengele yake naikumbuka."

Akatia sahihi, akapiga muhuri, na kwa bashasha hiyo hiyo akasaini na likizo. Lawrence hakungoja hata chai.

Siku ya tatu nakala ikamfikia Madam Najla wa Idara ya Watumishi, mtu asiyejua mzaha. Akapiga hesabu. Aliyekuwa na miaka saba kabla tramu haijafungwa, leo amepita tisini. Kwetu watu hustaafu wakiwa na sitini. Akaja mwenyewe na barua ya shukrani na keki.

"Nina miaka hamsini na moja!" Sir akafoka.

"Wazee wengi husahau," Najla akasema kwa upole, akimsogezea kiti.

Sir akampigia Lawrence simu. "Rudi leo hii ulifute jina langu!"

"Sir, ongea polepole. Auleria amenilalia mapajani, nikisonga ataamka."

Simu ikakatwa. Sir akanigeukia. "Shakir, mwambie huyu umri wangu!"

Mimi nina miaka hamsini na nane, na faili langu analo Najla. Nikasimama, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea ya ukubwa, na Madam Najla akaandika.