Ukuta wa Jipsamu na Kilo ya Gunia

Sogeeni msikie, enyi mnaochuma majani mawili na chipukizi kwenye miteremko ya Litein, enyi wapeleka maziwa mnaoteremka na mitungi kabla umande haujakauka, enyi waendesha bodaboda mliojibanza chini ya vibaraza mkingoja mvua ya saa nane ipungue. Tueni vikapu vyenu. Habari ninayowaletea si ya vita vya mataifa wala ya wafalme kuvuliwa mataji. Ni kubwa kuliko hizo, maana ilitokea sebuleni kwa mtu tunayemjua, na aliyetenda bado yu hai na anaweza kukanusha.

Mtu huyo ni Kipngeno arap Tonui, Mlinzi wa Mizani, Msoma Mshale Asiyepepesa Jicho, Mkata Kilo ya Gunia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani katika kituo cha kupimia majani chai, na katika miaka hiyo yote hakutokea mkulima, awe tajiri au mjane, awe shemeji yake au mchungaji wake, ambaye gunia lake lilitundikwa kwenye ndoano ile asikatwe kilo moja kwa ajili ya gunia lenyewe. Mshale ukisema ishirini na mbili, Kipngeno alitangaza ishirini na moja, na ishirini na moja ikaandikwa. Alipostaafu, kituo kilikuwa kimeletewa mizani ya umeme, basi wakampa ile kuukuu yenye uso wa saa na ndoano chini. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitundika jikoni, na tangu siku hiyo hapakuingia kabichi, jogoo wala mjukuu katika nyumba ile bila kupimwa.

Sasa shujaa huyu alikuwa na magitaa mawili. La kwanza lilikuwa jekundu, la umeme, zito, ambalo kwaya ya kanisa ilimwachia iliponunua jipya. La pili lilikuwa gitaa la boksi, kongwe, lililochubuka tumbo, alilolinunua mjini Kericho kwa mshahara wake wa kwanza. Hilo la pili ndilo lililompatia mke. Maana Chemutai alipokuwa msichana wa kuleta majani kituoni, alikatwa kilo yake mbele za watu, akamnunia karani yule msimu mzima, asimwitikie hata salamu. Kipngeno hakumrudishia kilo. Alimwimbia. Aliimba kwenye harusi, aliimba kando ya uwanja wa mpira, aliimba kwenye njia ya kwenda kisimani pasipokuwa na sababu yoyote ya mtu kuimba, mpaka siku moja Chemutai akacheka bila kutaka, na mambo yakawa mambo.

Kwa kuwa sakafu ilikuwa na unyevu na stoo ilikuwa na panya, magitaa hayo yaliishi kwenye kochi la watu watatu, miaka nenda miaka rudi, yameegemea mito yenye vitambaa vya kufuma. Wageni walikalia viti vya plastiki. Hakuna aliyelalamika, mpaka ikaja wiki ile ambayo wazee wa upande wa pili walikuwa waje Jumamosi kumposa Chepkurui, binti wa nyumba ile, katika kikao tunachokiita koito.

Ikawa Jumanne jioni Chemutai akasimama mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi, akatoa amri.

"Baba Chepkurui, Jumamosi wazee tisa watakuja hapa. Wazee tisa hawawezi kalia stuli ya kukamulia ng'ombe ndio gitaa zikae kwa kochi. Tafuta mahali ya kuziweka mpaka Ijumaa jioni. Ukikosa, Kiplangat atakuja na pikapu yake azipeleke Kiptere."

Moyo wa Kipngeno ulishuka mpaka kwenye gambuti. Kiplangat alikuwa kaka yake Chemutai, mkazi wa Kiptere, mtu mwema, lakini aliwahi kuachiwa spika ya kanisa kwa wiki moja tu, na kuku wakataga ndani yake. Spika ile ilirudi ikiwa maganda na manyoya, haikuimba tena, na mzoga wake ulikuwa bado uko nyuma ya choo. Kipngeno aliliona gitaa lake kongwe likiwa na mayai tumboni.

"Mama Chepkurui," akanena, huku akiinua mkono kuelekea ukutani, "gitaa zangu haziendi Kiptere. Gitaa zitapanda. Zitapanda kwa hii ukuta, zikae juu ya vichwa ya hao wazee, na wazee watakaa kwa kochi waziangalie. Mimi nimesema."

Ukuta aliouelekezea mkono ulikuwa mpya, mweupe, laini, wa mabamba membamba ya jipsamu, ukitenga sebule na chumba cha kulala. Ulijengwa mwaka uliopita na fundi Atuti, kijana kutoka upande wa Kisii ambaye maneno yake ni machache na kazi yake ni safi. Alipokuwa akikusanya vyombo vyake aliacha agizo kwamba kitu kizito kisitundikwe pale kabla hajaitwa. Kipngeno hakulisikia, kwa sababu wakati huo alikuwa jikoni akipima mabaki ya rangi. Tena yeye alizaliwa katika nyumba ya mbao, akaoa katika nyumba ya mbao, na katika nyumba ya mbao msumari unaingia popote na kukaa hadi kiama.

Jumatano akateremka Litein kwa Dorcus, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaomba kulabu na plagi za plastiki za kushikia skrubu katika ukuta wa jipsamu, na drili ya kuazima. Dorcus akaigeuza pakiti mbele yake.

"Mzee, soma hapa. Imeandikwa kilo nne. Ikipita nne, usikuje kunilaumu."

"Mama," akajibu Kipngeno, akijinyoosha mpaka kofia ikagusa fagio zilizoning'inia, "mimi nimesoma kilo kabla wewe ujue kusoma jina yako. Hakuna kilo imewahi kunipita."

Akapanda mlima na silaha zake. Akaiteremsha mizani kutoka jikoni, akaitundika kwenye mwamba wa mlango wa sebule, akalitia gitaa jekundu katika begi lake ili vumbi lisilipate, akaliangika. Mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukatulia kwenye tano.

Hapa ndipo maangamizi yalipoingia nyumbani. Midomo ile, ambayo kwa miaka thelathini na mmoja haikupata kuitamka namba ya mshale kama ilivyo, ilifunguka yenyewe. "Nne," akatangaza Kipngeno kwa sauti ya kituoni, ingawa sebuleni hapakuwa na mtu. Kwa maana gitaa lilikuwa ndani ya begi, na begi ni gunia, na gunia hukatwa kilo. Hapakuwa na hila yoyote moyoni mwake. Aliamini kabisa.

Akatoboa ukuta, akaipachika plagi, akaikaza kulabu, akalipandisha gitaa jekundu pamoja na begi lake. Likakaa. Kipngeno akarudi nyuma hatua tatu, akajimiminia kikombe cha chai, akanywa akiwa amesimama, maana washindi hawakai. Alipofika nusu ya kikombe ukuta ukatoa sauti ndogo ya kukohoa, na gitaa jekundu likashuka na kipande cha ukuta chenye ukubwa wa chapati, likaanguka kwenye kochi, shubiri moja tu kutoka mahali lilipolala gitaa kongwe.

Vumbi jeupe likatua juu ya chai. Kipngeno hakuutazama ukuta. Alilichukua gitaa kongwe, akalipapasa shingo, akaligeuza mgongo, akalitikisa kidogo karibu na sikio. Lilikuwa zima. Aliogopa sana, tuseme ukweli, akaona haya kuogopa hivyo kwa ajili ya kitu cha mbao.

Chemutai aliingia kutoka bandani, akaliona shimo, akaiona mizani mlangoni, akamwona mumewe amekumbatia gitaa. Hakupandisha sauti.

"Hiyo nyekundu ilikuwa kilo ngapi?"

"Nne."

"Nauliza mizani ilisema ngapi."

Ng'ombe alilia huko nje, naye Kipngeno akatamani aulizwe habari za ng'ombe.

"Tano," akasema mwishowe. "Nikatoa ya begi."

Chemutai akaketi kwenye kiti cha plastiki akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akafuta macho, akaanza tena. Kisha akanyamaza, akatoa hotuba ambayo alikuwa ameiweka tumboni tangu ujana wake.

"Hiyo kilo ulinikata nikiwa msichana, watu wote wakiona. Nilisema iko siku. Sasa ukuta imekudai, mimi nimenyamaza tu. Lakini sikia, baba Chepkurui. Usifikirie mimi nafurahia hiyo kuukuu ikienda Kiptere. Nitalia. Nitalia jikoni, na bado itaenda, kwa sababu siwezi kukalisha wazee tisa chini ya shimo, na gitaa zimejaa kwa kochi, siku ya mtoto wangu. Pigia Atuti simu. Wacha kiburi."

Kujishusha ni kazi ngumu kuliko kupanda, lakini Kipngeno alipiga moyo konde, akapiga na simu. Atuti alikuwa juu ya paa huko Sotik, na upepo ulivuma katika simu alipokuwa akinena.

"Mzee, hiyo jipsamu inabeba rangi na kalenda. Basi. Mimi sikuijenga ibebe mtu. Lakini ndani yake kuna vyuma vimesimama, kila futi mbili. Tafuta hivyo vyuma. Chukua sumaku, pitisha polepole. Pale inashika, kuna skrubu yangu, na nyuma ya skrubu kuna chuma. Halafu weka ubao moja ndefu, ikamate chuma mbili, utundike kwa ubao. Uzito peleke kwa chuma, mzee. Na usipime na kichwa."

"Nimekusikia, fundi," akasema yule ambaye mwaka uliopita hakusikia.

Alhamisi akaenda nyuma ya choo, kwenye mzoga wa spika iliyotagiwa mayai, akaung'oa moyo wake, yaani sumaku. Hivyo aliyeuawa Kiptere akaitwa kupigania aliyetishiwa Kiptere. Akaitia ndani ya soksi isije ikachubua rangi, akaanza kuitembeza juu ya uwanda ule mweupe, shubiri kwa shubiri, amezuia pumzi. Ikateleza. Ikateleza tena. Kisha soksi ikagota, ikang'ang'ania, na alipoiachia mkono ikabaki ukutani peke yake, soksi ya kijivu yenye kisigino kilichotoboka, imesimama hewani. Kipngeno akavua kofia.

Akapata skrubu ya pili chini ya ile, na ya tatu, mstari mmoja ulionyooka; akapima futi mbili, akaupata mstari mwingine. Akauchora kwa penseli. Kisha akatoka kwenda zizini kuleta ubao wa mwerezi uliotoka katika ukuta wa zamani, ule ulioondolewa ili jipsamu iingie, wenye matundu ya misumari ya picha za harusi. Akaupiga randa, akaupaka mafuta, akaulaza juu ya alama zake, ukaliziba na shimo la aibu. Drili ikaingia katika jipsamu bila kelele, kisha ikagusa chuma, chuma kikapiga yowe, na Kipngeno akalisikia yowe lile kwa furaha kuu. Skrubu tatu kushoto, skrubu tatu kulia. Akakaza kulabu mbili ndani ya ubao, akazivika vipande vya tyubu ya baiskeli ili shingo za magitaa zisichubuke. Kazi hiyo ilimchukua hadi Ijumaa saa nane, mvua ilipoanza kupiga mabati.

Chemutai aliingia amelowa, gunia la majani mabichi mgongoni, akiwa njiani kwenda kituoni. Aliutazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akatua gunia chini.

"Kabla hiyo kuukuu ipande," akasema, "pima hii."

Kipngeno akaichukua mizani, akaiangika kwenye kulabu ya kushoto, juu ya chuma cha Atuti, akaliinua gunia lililojaa, akalitia kwenye ndoano, akaondoa mikono taratibu, kidole baada ya kidole. Ubao haukulia. Ukuta haukukohoa. Mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukatulia, na Mkata Kilo ya Gunia akainama kuusoma.

Midomo yake ikaanza kwenda ilikozoea. Chemutai aliiona ikienda, akamngoja, mikono kiunoni, maji yakimchuruzika kwenye gambuti.

"Kumi na nane," akasema Kipngeno.

"Na gunia?"

"Kumi na nane, mama Chepkurui. Na gunia ndani. Sikati."

Chemutai aligeuka akalitazama dirisha, akajipangusa uso kwa leso, na huenda ilikuwa mvua. Kisha akalichukua gitaa kongwe kutoka kwenye kochi kwa mikono yake mwenyewe, akalipandisha.

Na iandikwe, enyi watu wa majani, kwamba Jumamosi wazee tisa waliketi kwenye kochi na viti vyake bila hata mmoja wao kuinua macho kuutazama ukuta, wakala, wakanena, wakakubaliwa posa ya Chepkurui, wakaenda zao. Na iandikwe kwamba kituoni, Ijumaa ile ile, karani mpya alilipima gunia la Chemutai akalikata kilo moja kama ilivyo desturi, naye mama huyo akapokea risiti ya kumi na saba akicheka peke yake njia nzima. Lakini mkiingia katika nyumba ile, ombeni ruhusa mchungulie chini ya gitaa kongwe, pale ubao unapogusana na jipsamu. Kuna maandishi ya penseli, kwa mwandiko wa karani, ulionyooka: *Chemutai, kilo 18.*