Mafuta ya Uso na Nchi Hamsini na Tano

Jumatatu, 3 Juni

Wajukuu hawakuja juzi Jumamosi. Hata mmoja! Mkeka niliutandika, akaulalia paka. Mwanangu anasema wamehamia kwa mkwe wangu, yaani mamake mkewe, kwa sababu kanunua televisheni mpya. Picha yake haina chenga hata punje. Tena ina nchi hamsini na tano! Nikamwambia asinitanie. Mimi nchi yangu ni moja na sijaimaliza kuizunguka.

Ya kwangu ina chenga, ndiyo. Mchele nao una chenga, na tunakula.

Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu kwa mkaa ukutani. Lakini vita navijua.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kupeleleza, nikajifanya napeleka ndizi. Mkwe kaniketisha mbali, eti picha ile haitaki kukaribiwa. Karanga zangu kanizuia kula, eti chumvi itarukia kioo. Nikatazama. Mama yangu! Msomaji wa habari ana chunusi kidevuni, naiona kuliko ninavyoona magoti yangu. Picha safi, sikatai.

Nikakataa. Nikamwambia ya kwangu ni safi zaidi, na ina nchi sitini. Ulimi huu utanizika! Mkwe akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema basi vizuri, Jumamosi atakuja na wajukuu walinganishe wenyewe. Mwenye picha bora ndiye atakayekaa nao kila Jumamosi. Nikaitikia kwa kicheko. Njiani machozi yakanitoka. Vumbi tu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewaza mpaka uji ukaungua. Kumbe dawa iko kabatini! Wajukuu wale, tangu wachanga, nikitaka nyuso zao zing'ae nawapaka mafuta. Televisheni nayo si ina uso? Nikaipaka kopo zima. Ikang'aa! Nikaiwasha. Mtangazaji ana vichwa viwili na rangi za upinde wa mvua. Nikafuta kwa kitambaa kikuukuu, nyuzi zikaganda kiooni. Sasa mtangazaji kaota ndevu.

Ni mwanamke.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka na akili mpya. Picha ikishindikana kusafishwa, macho huchafuliwa. Mkwe bila miwani hatofautishi mbuzi na kiti. Alipofika nikamkumbatia kwa mapenzi makubwa, kidole gumba chenye mafuta kikapita kwenye miwani yake, kioo hiki na kile. Akakaa. Nikamuuliza anaionaje picha. Akapepesa macho, akasema ni laini, kama ndoto. Ha!

Ila watoto wana macho yao. Kitinda mimba wao, ninayemwita Kidomodomo, akapiga kelele: Bibi, mpira umeota manyoya! Wakacheka mpaka wakaanguka kwenye mkeka, wengine juu yangu. Wakatafuna karanga, wakamwaga maganda, wakabishana yupi mchezaji na upi uzi.

Mkwe akawataka waseme ukweli, wapi picha ni nzuri. Kidomodomo akasema kule, tena sana. Roho yangu chini! Kisha akasema lakini kule wanakaa kama vyungu rafuni, hata chafya mpaka waombe ruhusa. Wanataka huku. Nikawakumbatia wote kwa pamoja, nikawaambia wananuka jasho, tena waache kuniliza.

Mkwe akaaga kwa heshima. Akashikana mkono na pazia.

Jumapili, 9 Juni

Mkwe kapiga simu, sauti ya unyonge. Televisheni yake imeingia ukungu tangu jana, chunusi ya msomaji wa habari haionekani tena. Ananiomba siri ya ile yangu. Nimemwonea huruma, ni mkwe wangu huyu. Nimemwambia apake mafuta, kopo zima, asibane mkono. Na Jumamosi aje atazame huku na wajukuu, ndizi alete yeye.

Nani kasema ufundi ni wa waliosoma? Mafuta yamenirudishia watoto wangu. Kesho ni zamu ya redio. Sauti yake imekauka koo.