Daigo Aingie Ulingoni Ameshiba

Jumatatu, 27 Aprili

Leo nimefokewa na baba mkwe mbele ya wateja. Kisa? Mizani! Nilimweka Daigo juu ya mizani ya soya, kidogo tu, nijue uzito wake. Mtoto wa miezi sita, kilo kumi! Mzee Tokujiro akasema mizani ya duka la tofu si ya kupimia matako ya mtu, hata kama ni ya mjukuu wake, na wewe bwana nenda kabebe magunia.

Wewe bwana. Huu mwaka wa tatu naishi nyumba hii. Nimeacha jina la ukoo wetu nikachukua lao. Nimevumilia majirani wakisema mimi ndiye niliyeolewa. Na mzee bado hajanitaja kwa jina hata mara moja. Sufuria ya kugandishia maziwa ya soya yawe tofu haniruhusu hata kuichungulia.

Basi, Jumapili atanitambua. Jumapili ni mieleka ya watoto hekaluni. Wanamieleka wanene wanawainua watoto wawili uso kwa uso, mwamuzi anawatisha, na mmoja anashinda. Jina la baba wa mshindi linaandikwa kwenye ubao langoni na linakaa pale mwaka mzima. La baba, si la babu! Shigeki, kwa wino mweusi. Mzee hupita pale kila asubuhi akienda kusali. Atalisoma, apende asipende.

Sheria naijua tangu utotoni. Kwetu kaskazini tunayo mieleka hiyohiyo: anayelia kwanza ameshindwa. Shida ni kwamba Daigo ni mtoto wa kulia. Lakini hulia kwa jambo moja tu, njaa. Anamaliza chupa, anaitazama ikiwa tupu, anapiga ukelele kana kwamba tumemwibia. Kwa hiyo jibu ni rahisi. Aingie ulingoni ameshiba ndi!

Sijamwambia mtu. Mama mkwe akijua leo, mtaa mzima utajua kabla ya chakula cha jioni.

Jumanne, 28 Aprili

Kinyozi Makabe hana haya. Duka lake linatazamana na letu, alisoma na mke wangu Chizuru, na kwa sababu hiyo ananiita shemeji bila kuniuliza. Mwanawe Ryusei naye kaandikishwa Jumapili. Leo kavuka barabara makusudi kuja kunitambia. Eti Ryusei wake hata sindano ya chanjo hakulia, alimwangalia tu muuguzi. Na akasema hivyo huku amekunja uso, akijifanya ana huzuni! Unafiki wa hali ya juu.

Wakati huohuo Daigo akaamka akiitaka chupa yake. Vioo vya duka vikatetemeka. Makabe akashika kichwa. "Shemeji, huyu wako ni balaa! Sisi wengine tunakuja kusindikiza tu."

Kejeli mbele ya wateja! Nikamwambia tutaonana Jumapili. Akasema ndiyo, na hamu yake yote imeisha. Sijawahi kuona mtu mwenye dharau kiasi kile.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimegundua tatizo. Chuchu ya chupa ina tundu dogo mno. Daigo anavuta, anatoka jasho, anakasirika, na mpaka maziwa yafike tumboni njaa nyingine imeshaingia. Nikachukua sindano ya mama mkwe nikalipanua lile tundu.

Huenda nililipanua kupita kiasi. Maziwa yalimwagika kama bomba lililopasuka. Sikioni, shingoni, kwenye mkeka, kwenye soksi zangu. Daigo alipata labda robo. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyetapeliwa, kisha akaanza kuninyonya pua.

Chizuru akauliza nani katoboa chuchu. Nikasema viwanda vya siku hizi havina uangalifu. Akaiangalia sindano iliyokuwa mkononi mwangu. Akasema baba Daigo, kama una jambo sema. Nikasema sina jambo. Akanunua chuchu nyingine, ya watoto wakubwa kidogo, na Daigo akamaliza chupa huku akiguna kwa raha. Kumbe dawa ilikuwa dukani siku zote! Angalau wangeniambia.

Ijumaa, 1 Mei

Siku ya majaribio. Chupa ya kwanza, kimya. Nusu ya pili juu yake, kimya kabisa, uso umelegea kama wa mzee anayetoka kuoga maji ya moto. Nikamwinua juu ya sufuria za duka, nikamtolea macho, nikanguruma kama zimwi. Hakulia! Nikanguruma tena kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo alipotapika. Baba mkwe alikuwa ameinama chini yetu akikata tofu. Sitaki kueleza yaliyofuata. Alichosema mzee kilianza na wewe bwana na kikaishia kwenye magunia.

Kosa lilikuwa langu kidogo tu: sikumcheulisha. Jioni nikarudia kwa utaratibu. Chupa moja na nusu, kumpigapiga mgongo mpaka acheue kama dereva wa lori, kisha kumbeba kifuani. Akalala usingizi wa pono. Ungeweza kumpigia ngoma.

Mama mkwe Fusae akatukuta. Akaniambia nimwache mtoto alie kidogo, kulia kunapanua mapafu, na Jumapili atayahitaji mapafu yake. Nikatabasamu kwa heshima. Mawazo ya kizamani! Ningemweleza, lakini siri ni siri.

Jumamosi, 2 Mei

Usaliti! Ndani ya nyumba hii hii!

Nimekuta mama mkwe anaficha makopo ya maziwa juu ya kabati. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu bila aibu kwamba kesho Daigo atapata chupa yake baada ya mieleka, si kabla, na wazazi wote hufanya hivyo. Wazazi wote! Yaani Makabe ameshawapitia wote, nyumba kwa nyumba, na mama mkwe wangu ameingia kwenye njama. Bila shaka amekatiwa nywele bure.

Nikamwendea Chizuru. Naye akasema mama yake yuko sahihi, kwani kesho ukitaka mtoto... Nikamkatiza hapo hapo. Nikamwambia damu yake ni ya huku, lakini damu ya Daigo nusu ni ya kaskazini, na sisi wa kaskazini hatuuzi mechi. Akasema haya, sawa, kisha akaenda kukunja nguo.

Nimepanda juu ya kabati. Nimechota unga wa kutosha chupa mbili. Chupa ya maji ya moto nimeificha kwenye ndoo ya tofu. Kesho sina ndugu.

Jumapili, 3 Mei

Nina hasira, lakini nitaandika.

Asubuhi Daigo alipiga kelele njia nzima, watu wakimgeukia na kumpungia. Wengine walipiga makofi. Nikadhani wananicheka. Tulipofika nikasema nampeleka mtoto kubadilishwa nepi, nikakimbia naye nyuma ya banda la ngoma. Chupa moja na nusu. Alikunywa kwa mikono miwili na miguu miwili. Akacheua. Macho yakaanza kujifumba yenyewe. Nilikaribia kutokwa na machozi kwa fahari.

Tukaitwa. Daigo upande wa mashariki, Ryusei upande wa magharibi. Jibaba la mieleka likamwinua mwanangu, likanong'ona lo, mzito huyu! Nikasikia raha hata vidoleni. Mwamuzi akatoa upepeo wake wa kuonyeshea mshindi, akaanza kuwapigia kelele usoni: lia! lia! lia! Daigo akapiga mwayo. Ryusei akashangaa. Mwamuzi akavaa kinyago chekundu cha zimwi. Daigo akalala. Akalala kabisa, mdomo wazi, tone la maziwa kidevuni! Na Ryusei akakunja mdomo, akatetemeka, akatoa sauti nyembamba kama ya birika linaloanza kuchemka.

Nikaruka juu! Nikamkumbatia mwanamke nisiyemjua. Nikamwinamia baba mkwe, nikauinamia umati, nikainama tena. Umati ulikuwa umenyamaza. Nikafikiri ni heshima.

Upepeo wa mwamuzi ukaelekea magharibi, kwa Ryusei.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angepanda ulingoni. Nilipanda. Nilisahau kuvua viatu, nakubali, lakini ilikuwa dharura. Nikamshika mwamuzi mkono wa joho, nikamwambia macho yako yana nini, huyu wangu hajalia! Akanijibu taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa: ndiyo bwana, hajalia, ndiyo maana ameshindwa. Nikasema hekalu zima limehongwa. Nikaanza kudai nywele za mwamuzi zichunguzwe, nani alizikata.

Ndipo ikasikika sauti kutoka chini, ya kupasua masikio, na kila mtu akageuka.

"Shigeki! Shuka hapo, Shigeki! Unatuaibisha!"

Baba mkwe. Miaka yote hii nimelisubiri jina langu litoke kinywani mwake, na limetoka hivyo, mara mbili, mbele ya mji mzima. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Wanamieleka wawili wakanibeba kwapani wakaniteremsha, na mtu akamwaga chumvi pale niliposimama, kutakasa. Chumvi! Kwa ajili yangu!

Ghasia ile ikamwamsha Daigo. Akaangalia huku na kule, hakuona chupa, akafungua mdomo. Sijawahi kusikia kilio kile. Ndege waliondoka mitini. Wanamieleka waliziba masikio. Umati mzima ukashangilia, na mwamuzi akatikisa kichwa akasema masikini, masikini, angewameza wote.

Jumatatu, 4 Mei

Nimeitisha kikao cha familia. Nimeuliza nani alijua kwamba huku anayelia kwanza ndiye mshindi. Wote! Chizuru alijua. Mama mkwe alijua. Mteja aliyekuja kununua tofu ya kukaanga alijua, na hakuulizwa. Nikasema mtu amekaa nanyi miaka mitatu, hamumwambii jambo kama hilo? Mama mkwe akasema, "Mwanangu, wewe unaambika?"

Nimeumia sana. Kisha akaingia Makabe na wali mwekundu wa sherehe, amefungasha kwa kitambaa. Jina lake ndilo liko langoni. Machozi yalimlenga. Akasema shemeji, mimi nilishakata tamaa, mwanangu halii hata akianguka, na wewe ukaona umlishe wako ili wangu apate. Hajawahi kupata rafiki kama mimi. Ananipa kunyolewa bure mpaka nife.

Nimelazimika kushukuru. Ule wali ulikuwa mtamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Jioni baba mkwe akaniita. Akasema kuanzia leo, pamoja na sufuria, nisiguse chupa za mtoto. Wewe bwana, akasema. Tumerudi palepale.

Jumanne, 5 Mei

Haki haijanyongwa! Leo nimepeleka tofu kivukoni nikaona tangazo. Mji wa ng'ambo ya ghuba nao wana mieleka ya watoto, Jumapili hii hii. Nimemwandikisha Daigo papo hapo.

Safari hii sifanyi makosa. Nimejifunza. Hakuna chupa asubuhi mpaka atoke ulingoni. Akiona kile kinyago akiwa na njaa, atalia mpaka waokote vigae vya paa. Hakuna mtoto wa ghuba hii atakayeanza kulia kabla yake. Na jina langu litakaa langoni kwao, na nitamvusha mzee kwa nauli yangu aje alisome.

Sijamwambia mtu. Ila Chizuru kaliona tangazo mfukoni mwangu akalisoma lote. Akasema baba Daigo, hapa chini wameandika kwamba anayelia... Nikamkatiza hapo hapo. Nikamwambia safari hii naijua sheria, nimeilipia kwa aibu yangu mwenyewe. Akasema haya, sawa, akaenda kukunja nguo.

Tangazo ni zuri, nimelibandika kabatini ndani. Kasoro ni picha tu. Wamemchora bingwa wa mwaka jana, taji kichwani, amelala fofofo. Wachoraji wa siku hizi hawajui kazi.