Mbegu Zisizo na Cheti

Umma unafahamishwa kwamba kuanzia sasa hakuna mbegu ya mboga, iwe ya managu, terere au malenge, itakayolala katika nyumba ya mtu bila cheti. Tangazo hilo nililiandika mimi, Micah Kibii, Karani Daraja la Pili, Idara ya Utambulisho wa Mbegu za Nyumbani, Nakuru. Mkurugenzi wetu, Bwana Kiptanui, alilisoma mara mbili akaongeza mihuri mitatu.

Msako ulianzia Ndabibi, kwa mjane aitwaye Wariara. Alikuwa ameficha chupa kumi na moja za mbegu kwenye rafu juu ya meko, peupe kabisa.

"Umechanganya na nini hapa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Jivu, boss. Wadudu hawalipendi."

"Hao wadudu wamehojiwa?"

Mama Wariara alinitazama mimi. Mimi nikatazama fomu.

"Mzazi wa mbegu hizi ni nani?" nikauliza, maana ndilo swali la nne.

"Ni malenge."

"Yuko wapi?"

"Tulimla Krismasi."

Nikaandika: marehemu.

Tulibeba chupa zote. Akatufuata hadi kwenye gari. "Kijana yangu, mvua inakuja wiki ijayo. Nisipopanda nitakula nini? Hizo mbegu nilipewa na mama mkwe, zimemaliza miaka thelathini kwa hii nyumba."

Nilimweleza kwamba malalamiko hupokelewa kila Alhamisi, na kwamba Alhamisi tunafunga. Sauti yake ilinikaa moyoni njia nzima, ila fomu haina nafasi ya moyo.

Sasa, Idara ina shamba la mfano nyuma ya ofisi. Tulipanda humo mbegu za pakiti zenye vyeti vyote, kwa maombi na hotuba. Hazikuota. Tukaunda kamati. Bado hazikuota. Na mkaguzi mkuu, Bi Chepkemei, alikuwa anatarajiwa kutoka Nairobi baada ya wiki saba.

Mkurugenzi alifunga mlango. "Micah, zile chupa ziko?"

"Ziko stoo, mkubwa. Ni ushahidi."

"Niitie yule mathe."

Mama Wariara alikuja na jembe lake. "Nitawapandia," alisema, "lakini nusu ya kila chupa narudi nayo leo. Mvua bado iko."

"Haiwezekani. Kanuni zinasema..."

"Basi pandeni nyinyi."

Sijawahi kuona Mkurugenzi akitia sahihi haraka hivyo.

Managu yaliota kama yametumwa. Siku ya ukaguzi yalikuwa yanafika magotini, na Bi Chepkemei alizunguka shamba akitabasamu.

"Hongereni! Mbegu mlitoa wapi?"

Mkurugenzi alinyoosha tai. "Ni zangu, madam. Nimezihifadhi mwenyewe, nyumbani kwangu."

"Nyumbani?"

"Nyumbani kabisa."

"Nionyeshe cheti."

Mkurugenzi alipapasa mifuko ya koti. Mama Wariara, aliyekuwa amekuja kupalilia, aliendelea kupalilia.

Mimi ni mtumishi wa umma. Nilitoa fomu ile ile ya msako nikajaza jina la Mkurugenzi kwa mwandiko wangu mzuri. Bi Chepkemei akamsimamisha kazi papo hapo na kumwamuru ang'oe kila shina kwa mkono wake mwenyewe, sisi tukiwa mashahidi. Mkurugenzi alivua koti, akainama, akaanza.

"Boss, shika chini, usivunje," Mama Wariara alimwelekeza, huku akitandaza gunia lake. "Na ukung'ute udongo vizuri. Kwangu hatuli mboga ya mchanga."