Punje za Bluu na Ijumaa ya Serah

Jumapili, 2 Novemba. Malaz, Riyadh.
Nafagia maabara ya maji. Leo nimeona maajabu! Daktari Hana kamwaga maji yenye madini ya risasi na shaba juu ya punje za plastiki, ndogo kama ulezi. Sumu imenaswa kwenye punje, chini yametoka maji safi. Zilizokwisha kutumika hutupwa, nazo ni za bluu kama bahari ya Jeddah, ambayo sijaiona. Mpenzi wangu Serah yuko huko Jeddah, mtaa wa Aziziya, kazi za nyumbani kwa madam asiyempa off. Nimelala nikiota tuko ufukweni, miguu majini.

Jumatatu, 3 Novemba.
Mpango! Madam anapenda maji safi kuliko mumewe. Nikimpa mtambo wa kuyachuja, atamwachilia Serah Ijumaa. Punje nyeupe, zile mpya, Hana anazifungia. Za bluu ziko kwa ndoo ya taka. Watu wanatupaje zenye rangi? Nimejaza chupa ya soda, chini nimefunga soksi yangu iwe chujio. Mpya! Dereva wa mizigo ya Jeddah kaichukua. Yalla, twende!

Jumatano, 5 Novemba.
Serah kapiga simu. Madam kasema maji yakiwa matamu, Ijumaa ni yake. Kesho wageni watayanywa na ndimu. Nimefagia nikielea. Hata ndoo ilikuwa na mawimbi.

Alhamisi, 6 Novemba.
Nimemuuliza Hana, kijanja tu, kama ndimu inadhuru punje. Kasema ya bluu ishashiba shaba, na risasi imo. Ikipata kitu kichachu, hata ndimu, inatapika yote. Nikaketi juu ya ndoo. Nikampigia Serah. Wageni walishafika.
"Tulia, Hillary. Nakujua. Niliwaonjesha kwanza samaki wa madam, wale wa kwenye tangi la kioo."
Wageni wamekunywa maji ya duka. Samaki halas, wamekufa wote. Ijumaa mafi, hakuna tena.

Jumamosi, 8 Novemba.
Serah hajibu meseji. Lakini nimewaza. Punje hazina kosa, kosa ni shibe! Nimenunua ndimu, nikaosha punje nyingine za ndoo kwa maji yake, kwenye sufuria ya ugali ya Wesley, mwenzangu wa chumba. Zimetapika kweli! Zimepauka, zina njaa tena. Wesley anauliza sufuria iko wapi. Inakuja.

Maji ya kuoshea yamebaki bluu, mazuri hadi nimeyainamia nikasikia mawimbi. Kuyamwaga ni dhambi. Nimeyatia chupani, dereva anaondoka kesho. Nimemwandikia madam pole, na zawadi kwa samaki wake wapya: bahari yao.