Mujukulu wa Bongo na Picha ya Baingereza

Siku ya yenga, 9 juin 2024

Nilikosea Mama Tshibola. Naandika hivi mbele moyo ianze kunitafutia sababu. Nilikosea mujane, mu kilio ya bwana yake, na nilifanya vile na furaha. Mungu anisamehe. Lakini ile picha!

Niseme muzuri. Mi Kalumba, kazi yangu ni kutengeneza bakadre ya picha hapa Dilala. Siku moja muteja aliniletea picha ya zamani ya Baingereza, ya kuchekelea bakubwa yabo. Tangu pale kichwa haitulie. Zaidi ya miaka mia mbili! Bafalme banene sawa nguruwe! Baministre bako na mikia! Na kila picha balianza kuichonga mu kibao ya shaba, kisha kuichapa mu karatasi. Shaba! Pengine ilitoka kwetu. Henriette, bibi yenye nilioa, anasema haiwezekane. Anajua nini?

Sasa, Muzee Kankolongo, fundi ya mbao, bwana ya Mama Tshibola, missionnaire mumoja Mwingereza alimuachiaka moja. Ilikuwa mu salon yake: bwana munene anakula batata ya raia, chupa ya vin mu mukono. Chini, namba 1. Na adui yangu Gracien, mwenye studio ya foto na fotokopi, iko na namba 2: ule ule munene, mugulu ilivimba, munganga anamukimbia. Namba 1 na namba 2 pa ukuta moja, kwangu! Nilikuwa naota ile tu.

Muzee alikufa. Jana nilienda ku kilio. Bajukulu, bale ba utani benye kutukana mufu na kuchekesha batu, habakuwa, na kilio pashipo bajukulu wa kuchekesha iko sawa bukari pashipo mboga. Nilisimama. Nikasema mi njo mujukulu, nkambo yangu na nkambo yake, babu zetu, balikuwa banataniana tangu zamani. Uongo, bongo tupu! Balikubali. Nilivaa suruali ya Muzee, nikatembea sawa ye, nikakohoa sawa ye. Nikamutukana mufu: eh Kankolongo, ulikufa juu ya kukimbia mulango ya kanisa, tangu Pasaka inakungoja uitengeneze! Batu balianguka na kicheko. Mama Tshibola mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu bwana yake alikufa.

Pale pale nikatosha picha pa ukuta. Mujukulu anachukua haki yake! Balinipigia makofi. Nilirudi pa taxi-moto, picha pa kifua, naimba.

Kazi moja, 10 juin

Nilipitisha kidole mu karatasi. Pembeni kuko kabonde kadogo, pale kibao ya shaba ilifinya. Fotokopi haiko nako, printa haiko nako. Nilibusu kale kabonde. Henriette alitoka inje.

Nilienda kwa Gracien, nikamulomba namba 2. Alicheka na meno yote. Asema nilete yangu, tubiunganishe kwake. Muchawi!

Nilipofika kwangu, Mignonne alikuwa pa mulango na jogoo mukubwa. Mignonne ni mukwe ya Mama Tshibola, mutoto yake mwanaume njo alimuoa. Asema ni ya Mama. Aksanti ya kuchekesha batu, nilifikiri. Batu bazuri hivi! Henriette aliipika na tomate. Nilikula mpaka kichwa.

Kazi mbili, 11 juin

Mignonne alirudi. Aliuliza kama kuku ilikuwa tamu. Nikasema sana, mama, sana. Basi Tata Kalumba, asema, lete picha.

Eh!

Kumbe kwabo mujukulu anachukua kintu ya mufu, jamaa inaikomboa na kuku, na ye anairudisha. Mujukulu wa kweli anajua ile tangu mu tumbo ya mama yake. Na kintu ya mufu ikibakia inje, kilio haiwezi kuisha. Mama Tshibola atabakia pa mukeka. Hanyoe, haende soko, hata chumvi ya jirani hashike.

Nilisema kadre ilivunjika, niko naitengeneza. Mignonne aliniangalia sana. Mifupa ya kuku ilikuwa ingali pa meza.

Kazi tatu, 12 juin

Nilipata akili! Fotokopi ya rangi! Kwa Gracien, ndiyo, lakini mashini yenye kufaa ni yake tu. Alikubali mbio mbio. Hata kiti alinipatia, hata Fanta. Aliingia mu chumba ya nyuma na picha, akatoka nayo na fotokopi. Mutu muzuri, nilimuwazia mubaya bule.

Kwangu nilipaka fotokopi chai nyeusi, nikaikausha juu ya mbabula ya makala. Ikazeeka! Nikaitia mu kadre ya Muzee, nikaipeleka.

Mama Tshibola aliileta karibu ya uso, akainusa. Kisha akasema polepole, Muzee alikuwa anavuta tumbako chini yake kila magaribi, na hii inanuka chai. Mignonne aliuliza kama ule munene naye alikonda juu ya kilio. Juu fotokopi ilikuwa ndogo! Sikupima!

Mama alirudi pa mukeka.

Kazi ine, 13 juin

Nilienda kujifariji na picha ya kweli. Nilipitisha kidole. Kabonde hakako! Gracien alitoa fotokopi mbili, moja ya kipimo kabisa, njo ile alinirudishia, na ya kweli akaificha!

Nilikimbia kwake. Aliniuliza mwizi akiibiwa, anaita nani. Nilirudi mikono tupu.

Nikamuambia Henriette yote, hata kuku. Ya kuku hakunigombeza, juu naye alikula paja mbili. Kisha akajifunga kitambaa, akaenda ku studio, akakaa pa kiti yenye batu banapigiwa foto, akakatala kuamuka. Kila muteja aliyeingia, anamuhadisia bwizi ya Gracien. Mbele ya saa sita alirudi na picha. Ya kweli! Kabonde kako!

Alinipatia sheria: siku ya posho jamaa inakutana, urudishe mbele ya bote, na useme hauko mujukulu wa mutu.

Kazi tano, 14 juin

Nilitubu. Nililia kiloko, kidogo tu. Nilifunga picha mu kitenge muzuri.

Mignonne alipita kuniambia programu ya kesho. Mujukulu anarudisha picha, Mama ananyoa, anaamuka pa mukeka. Kisha banafungua sanduku ya Muzee, banagawanya nguo. Chini ya makoti, asema, kuko karatasi ingine ya ule missionnaire Mwingereza: ule ule munene, analala mu jeneza, panya banamulilia. Na kwabo mujukulu njo anakaa karibu kabisa ya sanduku.

Namba 3! Hata Gracien hajue kama iko! Moyo yangu!

Naapa mbele ya Mungu. Kesho, siku ya posho, mbele ya saa sita, nitapiga magoti, nitatia namba 1 mu mikono ya Mama Tshibola mwenyewe, aamuke, aende ku soko yake. Na ile ya kusema siko mujukulu, nitaisema pia, kesho ile ile, mbele ya bote.

Lakini sanduku ikishafunguliwa, hapana mbele.