Asilimia Mia ya Maharage

Tangazo lilikuja kwa waraka wenye mihuri mitatu na saini mbili, moja ya wino wa bluu na nyingine ya wino mwekundu. Kuanzia tarehe mosi, hakuna askari, mfungwa, mgonjwa wa hospitali ya serikali wala mwanafunzi wa bweni atakayetia mdomoni chakula ambacho bei yake haijajadiliwa na kupewa punguzo. Kazi hiyo ilikabidhiwa Idara ya Majadiliano na Ustawi wa Punguzo, na Idara ikapewa Mkurugenzi aliyezaliwa kwa ajili yake. Mitaani walimwita Bwana Asilimia. Mwenyewe alijua wanamwita hivyo, na alidhani ni heshima.

Wenye wivu walisema kazi yake ni lelemama. Waongo hao. Kila asubuhi saa mbili kamili Mkurugenzi aliingia ofisini, akavika kiti koti lake, akaketi chini ya ubao mkubwa wenye mshale mwekundu. Mshale ulionyesha asilimia zote alizoliokolea taifa tangu mwaka uanze. Chumvi, arobaini. Mafuta ya kupikia, sitini. Vijiti vya kuchokolea meno, tisini na tano, japo hakuna kambi iliyowahi kuviomba, ila punguzo lilikuwa tamu mno kuliacha lipite. Asilimia hizo zilijumlishwa zote pamoja, maana ndivyo Idara ilivyohesabu, na sasa zilikuwa zimefika mia tisa. Lengo la mwaka lilikuwa elfu moja.

Waziri alikuwa amemwahidi kwa kinywa chake mwenyewe: mshale ukishagusa elfu, atatangazwa Mkurugenzi Mkuu, nyumbani kwake, mbele ya ndugu na majirani. Siku ya kutangazwa ilipangwa kuwa Jumamosi hiyo hiyo, saa saba mchana. Mkewe alishaalika watu themanini na kukodi mahema mawili. Na leo ilikuwa Jumatano, asilimia mia nzima bado hazijapatikana, na Mkurugenzi alikuwa na siku ya nne hajapata usingizi wa maana.

Lazima nieleze jinsi alivyofanya kazi, ili asiye na shukrani apate kushukuru. Mzabuni akitaja bei, Mkurugenzi alivua miwani. Akiirudia, Mkurugenzi alifunga faili. Akiirudia mara ya tatu, Mkurugenzi alisimama, akasema, "Basi, tumeshindwana," akaelekea mlangoni pole pole huku akihesabu hatua. Katika utumishi wake wote hakuwahi kufika hatua ya nane. Kwenye ya sita au ya saba mzabuni alilia nyuma yake, "Mheshimiwa, rudi bwana, tutaelewana," naye akarudi na uso wa mtu aliyeonewa.

Wazabuni nao hawakuwa watoto wadogo. Walishajua miwani ina thamani gani, faili ina thamani gani, na hatua saba zina thamani gani, na vyote hivyo walivitia kwenye bei kabla ya kuondoka nyumbani. Gunia la maharage ambalo sokoni ni elfu kumi, kwao lilianzia elfu thelathini. Walilia, wakaapa kwa watoto wao, wakaliachia kwa elfu kumi na tano. Taifa likapata punguzo la asilimia hamsini, mzabuni akapata chake, na kila mtu akaenda kula chakula cha mchana akiwa na moyo mweupe.

Tatizo lilikuwa mtu mmoja tu, mama muuza maharage. Alikuwa amelisha kambi ya askari ya pale mjini miaka ishirini na miwili kabla Idara haijazaliwa, na mpishi mkuu wa kambi alimwita shangazi ingawa hawakuwa na undugu wowote. Jumatano hiyo alikuja ofisini na kijitabu chake na chupa ya maji, akaketi bila kuambiwa.

"Bei?" aliuliza Mkurugenzi.

"Elfu tisa gunia."

Mkurugenzi akavua miwani. "Na punguzo?"

"Hakuna."

"Mama, fomu ina kisanduku cha punguzo. Kisanduku hakiachwi wazi."

"Andika sifuri."

"Sifuri siyo punguzo, mama. Sifuri ni dharau."

"Mwanangu, wenzangu wanakuuzia elfu kumi na tano."

"Kwa punguzo la asilimia hamsini," alisema Mkurugenzi, akifunga faili.

"Na mimi elfu tisa."

"Bila punguzo. Hapo ndipo taifa linapoumia."

Mama akanywa maji kidogo. Mkurugenzi akaona huyu anahitaji dawa kamili. Akasimama, akasema, "Basi, tumeshindwana," akaelekea mlangoni. Moja, mbili, tatu. Ya sita, kimya. Ya saba, kimya. Ya nane ilimkuta kwenye korido, mahali ambapo hakuwahi kufika akiwa amekasirika, na hakujua afanye nini hapo. Akasoma tangazo la mwaka juzi kuhusu usafi wa vyoo, akalisoma tena, kisha akakumbuka kwamba miwani ameiacha mezani. Ikabidi arudi.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" mama alimwuliza, kwa upole kabisa. Alikuwa ameshika fomu ya mkataba, anaisoma mstari kwa mstari. "Humu naona pa bei, pa punguzo na pa saini. Pa idadi ya magunia pako wapi?"

"Tulipaondoa. Palikuwa panachelewesha majadiliano."

"Na hapa panasema kambi isinunue maharage kwa mtu mwingine miezi mitatu."

"Huo ni ulinzi wa punguzo, mama. Wapishi hawaaminiki, watakimbilia sokoni."

Mama aliinamia ile karatasi muda mrefu. Halafu akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Basi nitakupa asilimia mia."

Mkurugenzi alidhani masikio yanamchezea. "Mia?"

"Mia. Usinilipe hata senti. Tia saini."

Macho ya Mkurugenzi yalipata joto. Kwa hiyo mbinu ilikuwa imefanya kazi, ilichelewa tu kidogo. Alitia saini haraka, akapiga mhuri mara mbili, akamwambia mama kwamba taifa halitamsahau, akampeleka mpaka kwenye ngazi. Kisha akapanda juu ya kiti na kuusukuma mshale mwekundu mpaka elfu moja kwa mkono wake mwenyewe. Usiku huo alilala fofofo.

Ijumaa alasiri mpishi mkuu alipiga simu. Alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mheshimiwa, maharage hayajaja."

"Yamepunguzwa."

"Yamepunguzwa mpaka hayapo. Shangazi nimempigia, anasema mkataba haumdai hata punje."

"Mpishi, ni asilimia mia. Umewahi kuona kitu kama hicho maishani mwako?"

"Kwa kweli sijawahi. Yaliyobaki tumeyamaliza leo. Kesho vijana mia nne wale nini?"

"Si mchele upo?"

"Mtupu?"

"Waeleze mafanikio yaliyopatikana. Askari anayeelewa sera hashindwi na mchele."

Mpishi akasikika anakuna kitu. "Mheshimiwa, ile kanuni ya ukutani, bado inafanya kazi?"

Ilikuwepo kanuni ya zamani kwenye ukuta wa jiko la kambi, ubao mweusi kwa masizi, imeandikwa na watu waliokwisha kufa. Mkurugenzi alipotembelea jiko mwanzoni mwa mwaka aliisifu sana, akaamuru isafishwe na kutiwa fremu. Kuisoma hakuisoma, maana siku hiyo miwani ilikuwa imebaki kwenye gari.

"Kanuni zote zinafanya kazi," alisema. "Kanuni si maziwa, haichachi."

"Ahsante, mheshimiwa. Nilitaka nisikie kwako," alisema mpishi, akakata simu.

Jumamosi ilikuja na jua zuri. Mahema yalisimama uani, viti vilivaa vitambaa vyeupe, na mkewe, mwalimu mstaafu asiyependa makuu, alikuwa amesimamia jikoni tangu alfajiri. Wageni themanini walikuwa wamekaa wakinusa kuku. Mkurugenzi alivaa suti mpya na kusimama getini na mlinzi wake, kumngoja Waziri.

Kilichotangulia kufika ni kishindo cha viatu. Mtaa mzima ulitetemeka. Mkurugenzi akavuta tumbo ndani, akamwambia mlinzi, "Unasikia? Wameniandalia gwaride."

Askari mia nne waliingia mtaani kwa mistari minne, mkono mmoja sahani, mkono mwingine kijiko. Mbele yao alitembea mpishi mkuu, amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, na kwapani kashika ile fremu. Mkurugenzi alipiga saluti. Mpishi akampa heshima yake, akaigeuza fremu, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mahema.

"Askari atakayekosa mlo kamili kwa sababu ya saini ya mtu, atalishwa na mwenye saini, nyumbani kwake, siku hiyo hiyo, mpaka ashibe."

Kuku alinukia.

"Nani aliandika upuuzi huu?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hatumjui, mheshimiwa. Aliyeutia fremu ni wewe."

Wakati huo huo gari la Waziri lilikunja kona. Dereva aliona mtaa umejaa askari, wamejipanga kwa mistari, wana vyuma vinavyometameta mikononi. Hakungoja kujua kama ni vijiko. Gari liligeuka palepale, likapita juu ya bustani ya jirani, na baadaye redio ikasema kwamba Waziri ameitwa ghafla na shughuli za kitaifa, na kwamba nchi ni shwari.

Askari walikuwa na adabu. Waliomba radhi, wakapanga foleni, wakafuta miguu kabla ya kuingia uani. Themanini wa kwanza walimaliza chakula cha wageni themanini. Wageni waliaga mmoja mmoja, kila mmoja akiwa amekumbuka mgonjwa wa kumtazama. Foleni ilibaki na vijana mia tatu na ishirini, na mwisho wake ulikuwa mtaa wa tatu.

"Baba watoto," alisema mkewe, "hawa wageni wako nifanyeje nao?"

"Siyo wageni. Ni kanuni tu."

"Kanuni ina sahani mkononi. Na kijana yule pale karibu aanguke. Njaa mwana malegeza, mume wangu. Fanya kitu."

Hapo ndipo gari dogo la mizigo lilipoingia kinyumenyume mpaka uani. Nyuma lilibeba masufuria manane makubwa, yamefunikwa, yanatoa mvuke. Juu ya kiti cha plastiki katikati ya masufuria alikaa mama muuza maharage na kijitabu chake.

"Yameiva tangu saa tano," alisema. "Wali wa mpishi nao nimeubeba. Haya, Mheshimiwa, tuongee."

Mkurugenzi alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hatimaye jambo analolijua. Alijiweka sawa kola, akakohoa.

"Bei?"

"Elfu tisa gunia, ile ile. Kupika sikukuhesabia."

Mkurugenzi akavua miwani. "Na punguzo?"

"La asilimia mia nilishakupa Jumatano. Liko ofisini kwako, kwenye ubao."

Hakuwa na faili, kwa hiyo alifunga koti, vifungo vyote vitatu. Askari wa mbele walitazama kwa heshima, kwa sababu walikuwa wakisikia habari za majadiliano haya muda mrefu na hawakuwahi kuyaona. Mkewe alisema pole pole, "Mlipe mama wa watu, baba watoto." Lakini mtu hawezi kuacha taaluma yake mlangoni pa nyumba yake. Mkurugenzi alinyoosha mgongo.

"Basi," alisema, "tumeshindwana."

Akageuka, akaelekea getini. Moja, mbili, tatu. Alipita kando ya gari la mizigo bila kulitazama. Nne, tano. Mlinzi alimfungulia geti, kama kawaida. Sita, saba. Ya nane alikuwa barabarani, nje ya nyumba yake mwenyewe, katika suti mpya, na geti likajifunga nyuma yake.

Alisimama akingoja kuitwa. Safari hii alikuwa na uzoefu, alijua kwamba kwa mama huyu dawa huchelewa kuingia. Akahesabu saba nyingine. Akahesabu sabini. Foleni ilisogea pembeni yake taratibu, vijana wanafunguliwa geti mmoja mmoja, wanamwamkia, "Shikamoo mzee," wanapita. Akasikia mifuniko ikifunuliwa. Akasikia mkewe anacheka na mama, kicheko cha watu wanaoelewana bei. Halafu vijiko vikaanza kugonga sahani, na kwa muda mrefu hakuna sauti nyingine iliyosikika mtaani. Harufu ya maharage yenye kitunguu ilivuka ukuta ikamfuata pale aliposimama. Tangu asubuhi hakuwa ameonja kitu, na tumbo lake, lisilojua cheo, lilinguruma.

Jua lilipogeukia upande wa pili, mlinzi alifungua dirisha dogo la geti na kutoa kichwa.

"Mzee, mama wa maharage anakuita."

Mkurugenzi alivaa miwani. Moyo ulimruka. Alijua, alijua kabisa. Akapanga uso wa mtu aliyeonewa, akasogea dirishani bila haraka.

"Anasemaje?"

"Anafunga masufuria, anataka kuondoka. Mama mwenye nyumba ameshalipia askari wote, ila wewe hukuwemo kwenye hesabu. Anauliza kama na wewe unakula."

Mkurugenzi alitazama barabara pande zote mbili. Haikuwa na mtu. Akakaribia zaidi, akashusha sauti.

"Bei gani?"

Mlinzi akarudisha kichwa ndani, akanong'ona na mtu, kisha akakitoa tena.

"Anasema ile ile."